Mkanda wa Mke wa Rivasi

Benchi la kijiwe liko ubavuni mwa kibanda cha fundi wa redio na televisheni, na anayelikalia kuliko wote ni Mzee Rivasi, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu kila stori yake inarudi nyuma. Tangu mkewe afariki, nyumbani huenda kulala tu. Asubuhi hiyo alikuja na mkanda wa video mapajani. Mashine yake ilikuwa imeutafuna, tena pale pale mkewe anapogeuka mlangoni, beseni la nguo kiunoni, kumsemesha yeye aliyeshika kamera. Picha nyingine ya marehemu inayotembea hana.

Fundi aliuvuta mkanda taratibu, akaonyesha kipande cha shibiri moja kilichokunjamana. Akaeleza kwamba picha hukaa katikati, sauti hupita ukingoni, na kilicholiwa ni ukingo.

— Picha nitakunyooshea, mzee wangu. Sauti ya hapo siwezi kukuahidi.

Kahawa ikamiminwa, wataalamu wakaanza. Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kufika kama shahidi tu, alitaka pasi.

— Ngojangoja huumiza matumbo. Piga pasi ya moto, ukingo utarudi wenyewe.

— Utayeyuka, Fundi akasema.

— Basi uloweke, akadakia Kipaza, bingwa wa kelele. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo sauti ikishanasa majini haina pa kukimbilia.

Wakili akapanda juu zaidi. Sauti ya mtu, alidai, haifi. Inabaki ukutani mwa chumba alimosemea. Wapeleke televisheni kwenye mlango ule ule, waicheze picha, ukuta utajaza maneno wenyewe. Kipaza akataka kujua kama ukuta wa udongo unashika sauti kuliko wa tofali, wakabishana hadi kahawa ikapoa. Rivasi alicheka nao. Watu wakibishana juu ya mkewe, aliona kama bado yupo.

Mama mmoja aliyeleta feni yake kwa fundi, mgeni kabisa pale kijiweni, alikuwa akisikiliza.

— Samahani baba, kwani hapo alikuwa anasema nini? Si utuambie tu, tukukumbukie wote?

Benchi zima likamgeukia Rivasi. Akakiweka kikombe chini.

— Nimeshasahau, mama. Tangu afe naangalia nikiwa nimezima sauti. Nilikuwa siiwezi. Nikawa najiambia, nikipata moyo nitaifungulia.

Fundi aliinamia meza yake, akajifanya anatafuta mkasi. Kwa mara ya kwanza Rivasi hakuuficha upweke wake mbele za watu.

— Ninyooshee hiyo picha, mwanangu. Halafu njooni nyumbani, wote. Huenda mmoja wenu akaisoma midomo yake.

Wakaitikia kwa pamoja kwamba watakuja, bila shaka watakuja. Kisha wakatazamana, na Wakili ndiye aliyepata ujasiri wa kuuliza:

— Kwako ni wapi, mzee?