Punda Aliyeachwa Mwezini

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, na watoto nao wasogee. Leo tunamkumbuka mchoraji wa vitabu vya picha, yule aliyewarusha wanyama angani: twiga aliyetoboa paa la chombo kwa pembe zake, kuku aliyetaga mayai yakaelea. Amefariki dunia juma hili, nyumbani kwa binti yake.

Kitabu chake cha kwanza kilimhusu Punda aliyekwenda mwezini. Nacho ndicho alichokionea haya maisha yake yote.

Sikilizeni vyema. Karatasi za kitabu hukunjwa kwa mafungu yenye idadi maalumu ya kurasa, na picha zake zilizidi idadi hiyo kwa moja. Mpiga chapa akamtaka aondoe moja. Angeweza kuiondoa picha ya nyota, ambayo haikuwa na Punda wala neno lolote. Lakini nyota zile zilikuwa fahari yake. Akauondoa ukurasa wa mwisho, ule wa Punda kurudi nyumbani.

Kitabu kikatoka. Punda akabaki mwezini.

Mpiga chapa akamtania: "Asante ya punda ni mateke, dada. Yako wewe ni kumtelekeza mwezini." Mchoraji alicheka. Jioni akamkuta bintiye mdogo akipanga majani dirishani. "Mama, huko juu anakula nini?"

Hakucheka tena. Auweke wapi uso wake? Aliuchapisha ukurasa wa kurudi, akazunguka maktaba na shule za chekechea na kopo la gundi, akiubandika. Walimu walipozisifu nyota, aliinamisha kichwa. Lakini vitabu vilivyokwisha kununuliwa hakuweza kuvifikia.

Tazameni vitabu vyake vya baadaye: anga ni jeusi tupu, halina nyota hata moja. Sisi tulidhani ni mtindo. Ilikuwa adhabu aliyojipa.

Binti yake anasimulia: "Siku za mwisho aliniuliza, 'Wangapi bado hawajui kwamba alirudi?' Nikamwambia, mama, watoto wale sasa ni wazazi. Akanijibu, 'Basi wanawasomea watoto wao hivyo hivyo.'"

Kwako binti, na kwa wajukuu, poleni sana. Mola awape subira.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, fungueni makabati yenu. Mkikikuta kitabu kile, na Punda bado amesimama mwezini, chukueni penseli, mkae na watoto, mchore ukurasa uliokosekana. Msihangaikie uzuri wa picha. Uzuri wa picha ndio uliomponza. Mrudisheni tu nyumbani.