Goti la Fundi Tulieni

Tarehe 30 mwezi huu, Fundi Tulieni anastaafu baada ya kuitumikia Maabara ya Mawasiliano kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye mshahara ni jingine, lakini hata mlinzi wa getini akiulizwa kwa jina hilo hukuna kichwa.

Alipoajiriwa, kazi yake ilikuwa kulehemu nyaya na kufufua redio zilizokufa. Redio za siku hizo zilikuwa nzito, zimejaa vifundo vya kuzungusha, na alizipenda. Kisha zikaja redio zinazoendeshwa na programu: kiboksi kidogo chenye antena mbili, kazi nyingine yote inafanywa na kompyuta. Wengine wa umri wake walikipa kisogo. Yeye alikipima uzito kiganjani, akauliza vifundo vimekwenda wapi, kisha akavuta kiti.

Kwa kiboksi hicho tulianza kunasa mawimbi ya Wi-Fi. Kila ujumbe wa Wi-Fi hutanguliwa na alama zinazojulikana, zisizobadilika. Ukilinganisha zilivyotumwa na zilivyopokelewa, utajua kuta, makabati na watu wamezifanya nini njiani. Huko ndiko tunakoita kukadiria chaneli. Mtu akijongea chumbani, grafu nayo inajongea. Ndiyo maana kila tulipotaka kunasa alitukaripia, "Tulieni!" nasi tukaganda, profesa akiwemo, kikombe kikiwa nusu ya safari kwenda mdomoni.

Grafu, hata hivyo, haikutulia. Tulibadilisha nyaya, tukaandika programu upya, tukaisingizia feni, tukaisingizia hata lifti ya jengo la jirani. Wakati huohuo wakubwa walikuwa wamekwisha kutuonya: wasipoona chumba kikipimwa sawasawa, mradi unafungwa na maabara yetu inageuzwa stoo ya viti. Fundi alikonda kwa mawazo.

Siku moja alitoka kufuata chai, mimi nikabaki na mashine ikiendelea kunasa. Grafu ikanyooka. Akarudi, akaketi, ikaanza tena kucheza. Nikachungulia chini ya meza. Kumbe goti lake la kulia lilikuwa likipanda na kushuka kama sindano ya cherehani! Mtu aliyetukemea sote ndiye peke yake aliyekuwa hatulii. Wapo waliokumbuka methali ya nyani. Heshima hainiruhusu kuimalizia hapa. Yeye alicheka mpaka akavua miwani. Mkewe alipopata habari alitushangaa: "Hilo goti naishi nalo tangu ujana, nyie ndio mnalijua leo?"

Wakubwa walipokuja, alijitolea mwenyewe kusubiri kwenye korido. Iliniuma kumwona mtu aliyefunga kila antena ya chumba kile amesimama nje, mikono nyuma, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Ndani, grafu ilinyooka, wakubwa wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu tu. Ndipo profesa alipomwita aingie, akae kitini pake kama kawaida. Grafu ikaanza kudunda. Wakaliona goti la mtu kwenye skrini, bila kamera, kwa Wi-Fi ileile wanayotumia kusoma barua pepe zao. Mmoja wao aliinama chini ya meza kuhakikisha.

Mradi haukufungwa. Kutambua mwendo wa mwili kwa mawimbi ndiyo kazi yetu kubwa hadi leo, na stoo ya viti ilitafutiwa chumba kingine.

Jumatatu iliyopita Fundi alikuwa ameanza likizo yake ya mwisho, tukanasa bila yeye. Hakuna aliyetukaripia. Grafu ilinyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kipimo safi kuliko vyote tulivyowahi kupata, na hakuna aliyekifurahia.

Fundi wetu, asante kwa mikono yako, kwa ukali wako usiouma, na kwa kuinusuru kazi yetu kwa kiungo ambacho hukujua kinafanya kazi. Tunakutakia maisha mema, wewe na mama, na wajukuu wa kukuchosha. Kiti chako hatukihamishi. Ukipita huku ingia, kaa, wala usitulie.