Simu ya Kabuya Imezoea Kesho

Treni ilipotoka Luena, mzee Kabuya alianza kumwandikia mkewe kwamba anafika Kamina leo. Jioni wageni wanakuja kumposa binti yao. Aliandika "Nafika", na simu yenyewe ikaongeza "kesho".

"Hii telefone iko na bulozi, imelogwa!" akafoka.

Rehema, mchuuzi wa samaki aliyekaa ubavuni pake, alichungulia bila aibu. "Hapana, papa, ni hesabu tu. Inahesabu maneno unaandikaka kila siku. Weye njo mwalimu yake, weye uliifundisha "kesho"."

"Miye? Leo nafika!"

"Ambia telefone, si miye."

Kabuya akafuta "kesho", akaandika "leo", akabonyeza kwa nguvu. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya pori.

Rehema alifungua kapu, akamkatia muhogo. "Kula, papa. Kesho iko mbali."