Huko Malaya Wanalima Nini?

Kamwene, wapendwa. Nimeombwa nieleze jinsi Mungu alivyoniinua. Nitaeleza, ila mnivumilie, uchungu bado ninao.

Mnajua nilikuwa askari wa Mwingereza. Tulichukuliwa kwa lori pale Makambako, tukapandishwa meli, tukaenda kupigana katika nchi ya mbali, huko Asia, inayoitwa Malaya. Haya, chekeni! Chekeni kwanza, nasubiri. Ndilo jina la nchi, sikulitunga mimi.

Afisa alituambia adui ni Wakomunisti. Mimi nikadhani ni watu wa komunyo, Wakatoliki, kama shemeji yangu aliyemwoa dada yangu kule misheni. Nikajiuliza, jamani, shemeji kawakosea nini Waingereza? Baadaye afisa akafafanua: nyuma ya adui yuko Mrusi na Mchina, nyuma yetu yuko Mwingereza na Mwamerika. Nikageuka kutazama nyuma yetu. Hakukuwa na mtu, ila mvua na ruba.

Ndugu zangu, nawaambia, msituni sikumwona Mrusi hata mmoja. Niliona wenyeji wanauana wao kwa wao. Tuliwahamisha wakulima wasimlishe adui, tukawazungushia seng'enge, tukawalinda kama ng'ombe. Mama mmoja alikuja kila asubuhi kwenye seng'enge na jembe lake, akinionyesha shamba lake kwa mkono. Lilikuwa pale pale, analiona. Lugha yake sikuijua, lakini mkulima wa Njombe haelezwi jambo hilo. Na mwenzangu wa Mlangali, tuliyekula naye sahani moja, alipigwa risasi akichota maji. Tukamzika huko huko.

Nikarudi. Mke wangu akauliza, siku zote hizo ulikuwa wapi? Nikasema Malaya. Akacheka, halafu akalia, akidhani namtukana. Vilabuni nikianza habari za mwenzangu, nikifika kwenye jina la nchi tu, basi, kicheko: "Eh, baba, wazuri walikuwa?" Nikafunga mdomo, nikashika ulevi wa ulanzi. Usingizini napiga kelele, napiga ukuta, mpaka mke akachukua watoto akarudi kwa wazazi wake Mjimwema. Shamba likawa pori. Nilitaka kufa, nasema wazi.

Shemeji akaja na jembe. Hakunihubiria. Alilima asubuhi nzima, mimi nimekaa mlangoni nanuka pombe. Kisha akasema, "Shemeji, huko Malaya watu wanalima nini?"

Nikangoja acheke. Hakucheka.

"Mpunga," nikasema.

"Na maharage?"

Hapo nikamweleza habari za yule mama wa seng'enge, nikamweleza na za mwenzangu, nikalia kama mtoto. Alikaa kwenye udongo akasikiliza mpaka jua likazama. Kesho yake alirudi, nami nikashika jembe.

Namshukuru shemeji, Mkatoliki wa watu, msinune. Nawashukuru kina mama wa kanisa hili mliokwenda Mjimwema kumsihi mke wangu. Yule pale dirishani, amerudi. Somo langu ni dogo: mtu akirudi kutoka mbali, muulizeni, halafu mnyamaze mumsikilize.

Mchungaji aliniomba nimalize kwa kusema nimewasamehe wakubwa waliotupeleka kule. Mchungaji, wewe ndiye unisamehe. Kulala nimeweza. Kulima nimeweza. Kuwasamehe wale, bado.