Kitambaa Kisichobandua Ngozi: Maisha ya Paskalina Tluway, Muuguzi na Mtafiti

Padre, wazee, wageni wa chuo kikuu, na ninyi mliofuata harufu ya pilau: mnaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, habari za asubuhi. Haya ni maisha ya mjukuu wangu, Paskalina Herman Tluway. Nimeyasema mimi bibi yake, Genoveva. Kaka yake Marko ameyaandika na ndiye anayesoma, na nimemkataza kulainisha neno hata moja.

Sikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu jeneza halitashushwa kabla ya jambo moja kumalizika. Jambo hilo ni Zita, mtoto wa marehemu. Ana miaka saba na hajawahi kunywa hata maji katika nyumba ya baba yake, hiyo hapo nyuma yenu.

Paskalina alizaliwa Endagikot, wilaya ya Mbulu, Jumatatu tarehe 14 Machi 1988. Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe ambayo haijapata kuonekana. Kuku wangu walinyonyolewa wakiwa hai, na jogoo alitembea uchi mpaka Pasaka. Mama yake alifariki siku ya tatu, baba yake Herman alimfuata baada ya miaka michache, na mimi nikabaki na mtoto asiyelia. Alikuwa anakutazama tu, kama karani wa mahakama.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Endagikot, 1996 hadi 2002, na sekondari Mbulu mjini, 2003 hadi 2006. Akiwa darasa la tano alichukua daftari la Marko, akachana kurasa zote, akajaribu kulifunika boga langu bila karatasi kukunjamana. Haikuwezekana. Alipoishiwa karatasi, alisema boga lina makosa. Mwalimu alimchapa kwa ajili ya daftari, mimi nikamchapa kwa ajili ya boga, na yeye akauliza kama fimbo iliyonyooka inaweza kukaa sawasawa kwenye kitu cha mviringo. Nilimwongeza moja. Baadaye niliambiwa hayo maswali ndiyo jiometri, na kwamba watu wanalipwa kwa kuyauliza.

Alisomea uuguzi, 2007 hadi 2010, akapangiwa zahanati upande wa Basotu mwaka 2011. Huko alikutana na Evarist Lohay wa Endasak, aliyekuwa ameleta mahindi kwa pikipiki. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 2012. Evarist alikuwa mume mwema kwa namna ambavyo kiti ni kizuri: ukikihitaji kipo, na mama yake akikisogeza, kinasogea. Usiiname, Evarist. Shimo liko mbele yako, utatumbukia.

Mtoto wao wa kwanza, Michael, alizaliwa Januari 2014. Agosti ya mwaka uliofuata Paskalina alikuwa zamu Basotu, na mtoto alikuwa hapa Endasak kwa bibi yake wa upande wa baba, Agatha. Uji ulikuwa jikoni unachemka. Agatha alikuwa uani, anamsengenya jirani. Mtoto alivuta sufuria. Bibi yake alimpaka dawa ya meno, akaongeza majivu, akamfunga kanga, akaendelea kusengenya pale alipokuwa ameachia. Mama yake alipofika jioni, yalikuwa yamekauka yote pamoja na ngozi.

Hospitalini walimfunga gozi, kile kitambaa cheupe cha vidonda. Gozi hukauka, hushika kidonda, na kila asubuhi ilipobanduliwa ilitoka na ngozi mpya iliyokuwa imeanza kuota usiku. Paskalina aliwaomba wauguzi wenzake wakae pembeni, akawa anaibandua mwenyewe. Michael alifariki tarehe 21 Agosti 2015. Sauti yake iliondoka kabla ya pumzi.

Kwetu, mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya hutengwa. Tunaita meeta. Hapiti shamba la mtu, hachoti maji mtoni juu ya walipo wenzake, hali wala hanywi na watu, wala mkono wake haushikwi, mpaka wazee wa nyumba ya mumewe wamtakase. Siku hizi wengi wameacha. Kanisa limekataza, redio imekataza. Lakini baba mkwe alikwishafariki, mkubwa wa nyumba alikuwa Agatha, na Agatha alihitaji sana watu watazame upande mwingine. Alisimama hapo mlangoni siku ya matanga, akasema:

"Mwanamke aliyemwacha mtoto akafuata mshahara, asikanyage shamba langu. Na atakachozaa humo humo, nacho kibaki humo humo."

 Padre aliyekuwepo alikuwa anatafuta miwani yake, na ilikuwa usoni. Basi Zita alizaliwa Mei 2018 ndani ya meeta, kwangu Endagikot. Evarist alikuwa anakuja kumwona kwa kuzunguka, kama mwizi wa mbuzi.

Paskalina hakulia. Alirudi shule. Alichukua shahada ya uuguzi, kisha akaingia kwenye utafiti na wenzake watatu wa chuo kikuu: Daktari Nicodemo wa jiometri, ambaye yupo hapa na koti lake, mmoja wa fizikia, na mmoja wa kemia. Walitaka kitambaa cha kidonda kisichobandua ngozi. Walichukua mabua ya ngano yanayobaki Basotu baada ya mavuno. Wa kemia aliyapika kwa maji ya majivu, bila zile tindikali kali, kwa sababu machafu yake yangeishia ziwani Basotu. Wanaita kemia ya kijani. Maana yake, usiponye mguu wa mtu mmoja ukaua samaki wa kijiji kizima. Pishi la kwanza lilinuka mpaka fisi wa mlima Hanang walishuka, wakanusa, wakarudi wameziba pua. Wa fizikia alikivuta kitambaa kwenye mashine, kikavu na kibichi, ajue kinachanika lini. Daktari Nicodemo alikichora mikato midogo midogo, ili kipande bapa kifunguke kama wavu wa wavuvi wa Basotu na kukaa kwenye kisigino au kiwiko cha mtoto bila kukunjamana. Na Paskalina alijifunga hicho kitambaa mwenyewe, kwenye mkono aliouchoma kwa makusudi na sufuria. Cha kwanza kilishika. Cha pili kilishika. Nilimwambia, "Mama, utaishiwa ngozi kabla ya utafiti." Akasema, "Nina nyingine mguuni, bibi."

Mwaka 2023 kitambaa kilikuwa tayari kujaribiwa kwa wagonjwa, kwa kibali, hapa hapa Endasak, kwa sababu hapa ndipo vidonda vilipokuwa vingi. Lakini nani angekubali kushikwa na mkono wenye meeta? Muuguzi mwenzake, Fausta, ndiye aliyefunga vidonda. Paskalina alikaa garini, vioo vimefungwa, akiandika. Ninyi mliopona mmekaa hapa. Wewe mwenye shati la mistari, kiwiko chako kinakunjika. Ulimpa nani asante?

Agatha alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Fausta alikifunga. Kikaanza kufumba. Agatha akawa anainua gauni mashineni, watu wakisubiri unga, "Tazameni, hii dawa ya wasomi!" Kwenye karatasi ya ridhaa kilitajwa chuo kikuu tu. Paskalina alipojua, aliwaambia wenzake kwamba mgonjwa lazima aambiwe kitambaa kimetengenezwa na nani, maana kwa mgonjwa huyu hilo ni jambo kubwa.

"Ngoja apone kwanza," alisema Daktari Nicodemo. "Zimebaki wiki chache."

"Daktari, huo utakuwa wizi. Utafiti hauibi ridhaa ya mtu."

Akaenda mwenyewe. Alisimama nje ya ua, pale kwenye mkonge wa mpakani, hakuvuka.

"Shikamoo mama."

Agatha hakuitikia.

"Mama, hicho kitambaa mguuni nimekitengeneza mimi kwa mikono yangu. Una haki ya kujua. Ukikitoa sasa, mguu utarudi kuoza. Ukikiacha, utapona."

Agatha alikishika kwa vidole vyote, akakinyakua kwa nguvu ya mtu anayeng'oa kisiki, akakirusha nje ya ua. Majirani wote walikuwa wanatazama. Na nisikilizeni hapa, wageni wa chuo, maana hili hamkuliandika: hakupiga kelele. Kitambaa kilitoka kama ganda la ndizi. Hakikuondoka na ngozi hata ya kumtosha nzi. Paskalina alikiokota, akakigeuza upande wa ndani, akakitazama kwa muda mrefu. Fausta, aliyemsindikiza, anasema hapo ndipo alipomwona analia kwa mara ya kwanza, na alikuwa anacheka.

Mguu wa Agatha ulikatwa chini ya goti mwezi uliofuata. Kwenye jarida la wasomi wameandika kwamba mgonjwa mmoja alijitoa. Ni yule pale, kwenye kiti cha plastiki, mwenye magongo.

Novemba 2024 Paskalina alikutwa na saratani ya titi, imeshatembea. Alitibiwa hospitali ya mkoa, akapewa rufaa, akarudishwa nyumbani. Titi lilifunguka kuwa kidonda, na nilikifunga kwa vitambaa vyake. Kila asubuhi nikikibandua nilimuuliza, "Inauma?" Alijibu, "Hapana, bibi. Ila mikono yako inanuka vitunguu." Evarist alikuja siku za mwisho, akakaa mlangoni, akamshika mkono. Kwa mara ya kwanza hakuzunguka. Paskalina alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, kwenye kitanda changu.

Jumatano alifika Basili, mdogo wa Evarist, ametumwa. Walikuwa wamesikia kwamba magari ya chuo kikuu yanakuja.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kuchukua mwili. Mke wa mtu huzikwa kwa mumewe."

"Marahaba. Mwenye meeta mnamtaka wa nini?"

"Bibi, maiti haina meeta."

"Haya. Na aliyezaliwa ndani yake?"

Akakuna kichwa. Nikamwambia arudi akamuulize mama yake, na nikamwambia masharti. Alirudi jioni na jibu: amekubali. Ndiyo maana tupo Endasak leo, Jumamosi, wala siyo Endagikot.

Marehemu ameacha mume, Evarist, mtoto, Zita, kaka, Marko, na mimi, ambaye kwa utaratibu wa Mungu ningepaswa kuwa ndani ya sanduku hilo. Nilikataa, akaitwa yeye.

Sasa. Fausta amempa Zita kibuyu cha maziwa. Mtoto atakunywa kwanza. Halafu atampelekea bibi yake Agatha, naye atakunywa alichobakiza mtoto, pale pale midomo yake ilipogusa, mbele ya padre na mbele ya wachimba kaburi. Akinywa, Zita ametoka kwenye meeta, ataingia nyumba ya baba yake kwa mlango wa mbele, na mama yake atashushwa kwenye shamba la mumewe. Akitema, fukieni shimo tupu. Gari tulilokuja nalo halijazimwa.

Padre, lile neno la kupumzika kwa amani usiliseme bado. Tutalisema wote tukiliona koo la Agatha limemeza.

Zita, mama, kunywa.