Mzee Dzombo Kambi Hakuwa Mlevi

Mzee Dzombo Kambi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 huko Vitengeni, mtoto wa pili wa marehemu Kambi na marehemu Sidi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini hadi darasa la saba mwaka 1976, kisha akaenda Malindi kujifunza ufundi wa injini kwa mjomba wake.

Mwaka 1984 aliajiriwa kuendesha trekta kwenye mashamba ya chumvi Magarini, na miaka miwili baadaye akamwoa bibi yetu, Kadzo. Walijaliwa watoto watatu.

Tarehe 3 Machi 2009, saa sita mchana, alisinzia kwenye usukani na trekta likatumbukia bwawani. Hakuna aliyeumia. Msimamizi hakuuliza lolote. "Nenda kalewe kwenu," akamwambia. Mzee Dzombo hakuwahi kuonja mnazi maisha yake yote, lakini barua ya kumfukuza ilisema ni mlevi. Barua hiyo tunayo. Sisi wajukuu tumeisoma, na inatutia kinyaa.

Kinyaa zaidi ni kwamba hata ndugu waliiamini. Akisinzia kanisani, walicheka. Akisinzia barazani, walimtia kijiti sikioni. Miaka kumi na mitano! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu analala usiku kucha, anaamka amechoka.

Aliyejiuliza ni daktari wa meno. Februari 2024 Mzee Dzombo alikwenda Malindi kung'oa gego lililopasuka, maana kwetu daktari wa meno ni wa kung'oa tu. Daktari Nyaboke alichungulia kinywani.

"Mzee, meno yamesagika yote, na taya la chini limerudi nyuma. Unakoroma?"

"Wanasema nakoroma, daktari. Wananicheka sana."

"Na pumzi hukatika?"

Bibi Kadzo akadakia: "Hukatika, nami nahesabu. Nikifika ishirini nampiga kofi."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba mtu akilala, ulimi huweza kurudi nyuma na koo likaziba, na moyo ukafanya kazi ya punda. Akamwandikia barua ya hospitali apimwe usingizi kwanza. Majibu yalipothibitisha, alimtengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa kwenye meno akilala, kinachovuta taya la chini mbele ili hewa ipite.

Wazee wa ukoo walibeza: "Tangu lini mng'oa meno akatibu usingizi?" Lakini Mzee Dzombo alilala. Jumapili moja alisikiliza mahubiri mwanzo hadi mwisho, akatoka nje akamwambia bibi, "Kumbe huwa marefu hivi!"

Aprili 2025 alikwenda kwenye hanga, yaani matanga, la jirani Vitengeni, akalala huko siku tatu. Asubuhi ya pili dada yake, Kahonzi, alikikuta kifaa ndani ya kikombe cha chai. Alishikwa na kinyaa, akakimwagia maji ya moto yaliyochemka, kama tunavyoosha vyombo. Kikapinda, kisiingie tena mdomoni. Watu wa hanga waliangua kicheko: "Meno ya Dzombo yamepikwa!" Mzee Dzombo aliona haya kurudi kwa daktari kuomba kingine. Bibi Kahonzi mwenyewe ndiye aliyesema tuandike haya. "Someni," alisema huku akilia, "asije mwingine akachemsha."

Tarehe 2 Juni 2025 alipatwa na kiharusi, akafariki alasiri hiyo hospitalini Malindi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Daktari wa wodi alisema moyo wake ulikuwa umechakaa kwa miaka mingi. Ile miaka ya kicheko.

Ameacha mjane, Kadzo, watoto, Caroline, Safari na Charo, wajukuu saba, dada yake Kahonzi, na mdogo wake Kazungu. Huyu Kazungu juzi alisinzia hapa hapa matangani, sahani ya wali mkononi, na watu wakacheka. Maiti haijazikwa, wanacheka! Bibi Kadzo amekwisha kumwambia: "Shemeji, Jumanne asubuhi twende kwa Nyaboke." Kazungu amekubali.

Mola ampe Mzee Dzombo pumziko jema. Na anayetaka kumcheka Kazungu, atoke kwanza bomani kwetu.