Alama Nyekundu Niliyoipaka Upya

Mwaka 2018, nikiwa na miaka hamsini na sita, nilivunjiwa kibanda changu cha kutengeneza baiskeli pale Mvara, mjini Arua, kando ya ukuta wa chuo. Nasema nilivunjiwa, lakini ngojeni. Mkono wangu mwenyewe ulisaidia. Ndiyo maana nimesimama mbele yenu, wanachama wapya wa kikundi chetu cha wenye vibanda wa barabara ya chuo, msije mkarudia ujinga wangu.

Mimi ni Mnubi, nimezaliwa Koboko, baba askari, shule darasa mbili tu. Baiskeli sikufundishwa na mtu. Nilifungua moja, nikaifunga, zikabaki skrubu tatu nje. Nikaifungua tena. Miaka ishirini na moja wanafunzi na walimu wa chuo kile walikalia matairi niliyoziba mimi.

Siku moja wakaja watu wenye fulana zinazong'aa, wameshika utepe wa kupimia. Wakapima, wakachora X nyekundu kwenye bati langu, wakaenda. Hawakusema neno. Sasa ninyi mnajua huku kwetu. Watu wa chanjo wakipita wanaandika mlangoni kwa chaki, watu wa kuhesabu wakipita wanaandika. Nyumba yenye alama ni nyumba ambayo haikusahauliwa. Mimi nikafurahi. Nikasema, leo serikali imeniona.

Karatasi ya Kiingereza ilibandikwa kwenye ubao wa chuo. Niliiona. Nikadhani ni matokeo ya mtihani.

Mvua ikaja, X ikaanza kufifia. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha: nilichukua brashi na rangi yangu ya baiskeli, nikaipaka upya. Nikaipaka nene! Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita Sudan Kusini, anapikia wanafunzi chai na maharage. Alama yake ilikuwa imemezwa na moshi. Nikamwambia, "Mama, hawa watu watakusahau."

Akasema, "Haya, Mzee, nipakie na mimi."

Nikampakia. Chekeni, chekeni tu. Siku greda lilipofika sisi hatukucheka.

Lilikuja asubuhi, chai iko jikoni. Nikasimama mbele ya dereva, nikampigia kelele: "Hii hapana gusa! Iko na alama!"

Dereva akaniangalia kama anaangalia mgonjwa. "Mzee, alama ndiyo inasema nivunje."

Wanafunzi walikuwa wamejaa getini. Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Yule mama hakulia, hakunitukana. Aliokota sufuria zake, akanitazama mara moja. Jicho lile ndilo lililonifukuza Arua.

Nikaenda Koboko kwa dada yangu. Miezi saba nilikaa kwenye kiti. Watu walileta baiskeli, nikawaambia sijui. Mimi! Nilijiambia mtu asiyejua kusoma hana haki ya kazi mjini, na akiwashauri wenzake anawamaliza. Dada akachoka, akaniambia, "Kama kazi yako ni kukaa, basi kaa ukichambua maharage." Nikachambua.

Halafu siku moja yule mama akashuka kwenye taksi mbele ya nyumba ya dada. Hata salamu hakuimaliza.

"Mzee, ulinipakia rangi. Sasa njoo uifute."

"Nifute nini, Mama? Bati liko wapi?"

"Waliotuvunjia wanatuita mkutano. Wanataka tuweke dole kwenye karatasi. Watu wote wanaogopa kuuliza inasema nini."

"Na mimi ndiye nitawasomea? Mimi sijui hata A."

"Najua hujui. Lakini domo unalo."

Nilicheka. Miezi saba sikuwa nimecheka. Kesho yake tukapanda gari pamoja.

Ukumbini kulikuwa na meza, ofisa, karatasi na wino. Foleni ikasogea, nikafika.

"Weka dole hapa, Mzee."

"Inasema nini?"

"Ni ya kupata nafasi mpya ya kazi. Weka tu."

"Soma."

"Iko kwa Kiingereza."

"Basi na dole langu liko kwa Kinubi. Halijaelewa."

Ukumbi wote kicheko. Ofisa akakunja uso. "Mzee, unachelewesha watu."

"Watu wanachelewa kwenda wapi? Vibanda si mmeshavunja?"

Nikakaa chini mbele ya meza yake. Mama akakaa kando yangu. Aliyekuwa nyuma yake akakaa, na foleni nzima ikakaa. Ofisa akajifuta jasho, akaanza kusoma kwa Kiswahili, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akirudia kwa Kilugbara cha wenyeji. Karatasi ilisema tunakubali kwa hiari yetu kuhamia njia ya Adumi, na hatutadai tena nafasi karibu na chuo. Njia ya Adumi! Nani atasukuma baiskeli yenye pancha mpaka huko? Hakuna dole lililogusa wino siku ile.

Tulirudi pale siku tisa, tukakaa chini siku tisa. Ndipo wakatupa mstari huu mnaouona, nyuma ya ukuta wa chuo, wenye bomba na choo. Hawakutupa kwa huruma. Walichoka na sisi. Na tukaweka sharti: tangazo lolote linalotuhusu lisomwe kwanza kwa sauti, kwa lugha zetu.

Mimi nikaingia darasa la watu wazima kule Ediofe, nikakaa benchi moja na akina mama wanaonyonyesha. Sikuona haya. Haya niliimalizia Koboko.

Namshukuru dada yangu kwa kiti na kwa ulimi wake. Namshukuru mwalimu wetu, aliyenishika mkono kama mtoto bila kunifanya mtoto. Namshukuru yule mama, ambaye alikuwa na kila sababu ya kuniacha nioze. Waliocheka getini siwashukuru. Pancha zao naziba, basi.

Ninalowaachia ni hili: usione haya kuuliza karatasi inasema nini. Aone haya aliyeiandika ili usielewe.

Leo nina kibanda cha matofali, mabati kumi na mawili. Nina pampu ya umeme. Nina baiskeli nne ambazo wanafunzi wanaazima kwangu. Nina mbuzi sita Koboko, kwa dada. Nina miwani. Na nina karatasi ya kibanda, yenye jina langu, niliyoisoma mwenyewe mpaka mwisho kabla ya kuandika sahihi.